Fazlur Khan, Upepo wa Chicago na Programu Yangu ya SACCOS

Wahariri wa jarida letu wameniomba niandike maisha ya mhandisi mmoja ninayemheshimu, wakanionya nisijaze kurasa kwa hesabu maana wasomaji wengi wanasoma sheria, uuguzi na biashara. Nitajitahidi. Ila hesabu ndogo mbili tatu itabidi mnivumilie, kwa sababu bila hizo marehemu huyu atabaki jina tu kwenye kibao cha mtaa.

Kwanza twende nyumbani kidogo. Nani kati yetu hajaona nyumba ya zege iliyokwisha kuhamiwa, watu wanaishi, nguo zimeanikwa, na huku juu nondo zimechomoza kama nywele zisizochanwa? Zile nondo maana yake tunaijua: mwenye nyumba ana nia ya kuongeza ghorofa Mungu akimjalia. Akipata hela anaongeza moja. Mtoto wa kwanza akianza kazi, ya pili. Msingi ni ule ule uliochimbwa kwa ajili ya nyumba ya chini. Fundi akiulizwa anasema itabeba tu. Mara nyingine inabeba kweli, na mara nyingine tunasikia habari redioni.

Mimi digrii ya kwanza nilichukua ujenzi, na sasa hapa Illinois nafanya utafiti wa programu za kompyuta zinazopiga hesabu za majengo, kwa hiyo nimesimama mguu mmoja huku na mmoja kule. Nawaambieni ukweli, programu nyingi nilizoziona zina nondo juu ya paa. Moja kati ya hizo niliijenga mwenyewe, nitakuja kuieleza. Na nilipoanza kutafuta ni nani aliyewahi kufikiri sawasawa juu ya kitu kinachozidi kukua kwenda juu, sikumpata kwenye vitabu vya kompyuta. Nilimpata Fazlur Rahman Khan.

Alizaliwa Dhaka tarehe 3 Aprili 1929, Bengal yote ikiwa bado chini ya Mwingereza. Baba yake alikuwa mwalimu wa hesabu na mtunzi wa vitabu vya shule, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na kucheza na masomo. Kijana alianza uhandisi Sibpur, karibu na Calcutta, lakini ghasia za mwaka 1950 kati ya Wahindu na Waislamu zikamrudisha kwao, akamalizia chuo cha Ahsanullah pale pale Dhaka, akiwa wa kwanza darasani. Mwaka 1952 akapata udhamini wa Fulbright pamoja na wa serikali ya Pakistan (Dhaka wakati huo ilikuwa Pakistan ya Mashariki) akaja Chuo Kikuu cha Illinois, pale Urbana. Kwa miaka mitatu akachukua shahada mbili za uzamili na udaktari juu yake. Miaka mitatu! Mimi niko mwaka wa nne na msimamizi wangu bado ananirudishia sura ya pili.

Mwaka 1955 akaajiriwa Chicago na kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill, ambayo watu huiita SOM. Miaka miwili baadaye akafunga mizigo akarudi nyumbani. Hapa wengi wetu tutajiona. Nchi ilikuwa changa, imemsomesha, na yeye ana udaktari na uzoefu wa kampuni kubwa. Akapewa cheo kwenye mamlaka ya maendeleo ya Karachi. Kumbe cheo chenyewe kilikuwa cha mafaili na vikao, na kazi ya kubuni majengo haikuwepo. Mwaka 1960 akarudi Chicago, SOM wakampokea. Nimeshawahi kusikia mabishano juu ya watu wa namna hii kwenye sherehe zetu za Uhuru hapa, baada ya pilau, wengine wakiwaita wasaliti. Mimi siwezi kumlaumu. Na mtaona mbele kwamba nyumbani hakukumtoka rohoni.

Sasa kazi yenyewe. Ukimwuliza mtu shida ya jengo refu ni nini, atakujibu uzito. Uzito ni shida, lakini ni shida tulivu: unashuka moja kwa moja mpaka chini, unaongeza nguzo, basi. Shida kubwa ni upepo. Nani amepita Michigan Avenue mwezi wa Februari atanielewa. Jengo refu ni kama mtu aliyekanyaga miguu chini huku anasukumwa kifuani, na jinsi anavyokuwa mrefu ndivyo anavyokuwa rahisi kuangusha.

Hesabu ya kwanza ndiyo hii. Chukua jengo, liongeze urefu mara mbili, upana uache ule ule na upepo ule ule. Nguvu ya kulipindua pale miguuni haiongezeki mara mbili, inaongezeka mara nne. Kuyumba kwa kileleni kunaongezeka mara kumi na sita. Yaani ghorofa ya hamsini si sawa na ya kumi iliyowekwa juu zaidi. Inadai kitu kutoka kwa kila ghorofa iliyo chini yake, mpaka kwenye msingi.

Wazee wa zamani walilijibu hilo kwa kunenepesha. Mifupa ya jengo ilikuwa ni nguzo na mihimili iliyosukwa kama tenga, ndani na nje, na ukitaka kwenda juu zaidi unaongeza chuma kwenye tenga lile lile. Empire State ya New York, ya mwaka 1931, ilikwenda ghorofa 102 kwa njia hiyo. Ilisimama na imesimama mpaka leo, lakini ilimeza chuma kilo 206 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Wenye fedha walipiga hesabu wakaona kwamba juu ya kimo fulani jengo halilipi tena. Ile gharama ya ziada, ambayo hailipii sakafu bali inalipia ule urefu wenyewe, Khan aliifanya kuwa adui yake. Mimi naiita ada ya urefu.

Jibu lake lilikuwa jepesi kulisema: kila kimo kina mifupa yake. Alipanga orodha, na orodha hiyo mpaka leo inafundishwa. Tenga la kawaida linafaa mpaka ghorofa 20 au 30 hivi. Ukizidi hapo usilinenepeshe, badilisha: weka kuta ngumu za kusaidiana nalo. Ukizidi tena, badilisha tena. Kwa majengo marefu zaidi alihamisha nguvu zote kwenye ngozi ya nje, jengo likawa bomba. Fikiria mwanzi. Mwanzi uko mtupu katikati, na bado unasimama kwenye dhoruba ambapo fimbo nene yenye uzito ule ule ingevunjika, kwa sababu nyuzi zake zote ziko pembeni zinakofanya kazi. Jengo lake la kwanza la namna hiyo lilikuwa la makazi, DeWitt-Chestnut, ghorofa 43 za zege, lililojengwa Chicago miaka ya 1960. Kwa nje utaona nguzo zimekaribiana sana. Mpita njia anadhani ni urembo.

Halafu likaja lile la X. Jina lake rasmi tangu mwaka 2018 ni anwani yake tu, 875 North Michigan Avenue, lakini hakuna mtu Chicago asiyeliita John Hancock. Mwanzoni walifikiria minara miwili, mmoja wa ofisi na mmoja wa makazi. Khan na msanifu mwenzake Bruce Graham wakaona bora wauweke mmoja juu ya mwingine: ghorofa 100, mita 344, chini pana kwa ofisi, juu jembamba kwa watu wa kulala. Wazo la kufunga bomba kwa mihimili ya mshazari lilikuwa limechunguzwa mwaka 1964 kwenye tasnifu ya mwanafunzi mmoja Mjapani, Mikio Sasaki, pale Illinois Institute of Technology ambako Khan alikuwa akifundisha. Nalisema hili makusudi ili ninyi mlio katikati ya tasnifu msikate tamaa. Zile X kubwa unazoziona kwa nje, kila moja ikipanda ghorofa 18, ndizo mifupa yenyewe. Na matokeo: chuma kilo 145 kwa mita ya mraba. Jengo la ghorofa karibu sawa na Empire State, kwa chuma pungufu kwa kama theluthi moja.

Kulikuwa na swali ambalo halimo kwenye hesabu. Jengo la kilele chembamba litayumba, halitaanguka, lakini je, mama aliyelala ghorofa ya 80 atahisi? Wakati ule data za kutosha hazikuwepo. Khan alikwenda na wenzake kwenye makumbusho ya sayansi na viwanda ya Chicago, ambako kulikuwa na maonyesho ya mashine za kufulia yenye jukwaa linalotikisika, wakawapandisha watu, wengine wamesimama, wengine wamekaa, wengine wamelala, wakaandika ni wakati gani kila mmoja anaanza kuhisi. Napenda sana kisa hiki. Daktari wa uhandisi mzima, mwenye kompyuta za kampuni nyuma yake, yuko kwenye jukwaa la mashine ya kufulia anawauliza watu wanajisikiaje.

Lakini kisa kilichonifanya niandike makala hii ni cha mwaka 1966, jengo hilo hilo. Chuma kilikuwa kimeshaanza kupanda, unakiona kwa macho, mji mzima unakiona. Ndipo ikagundulika kwamba nguzo moja imeshuka. Ni kidogo tu, lakini nguzo ya jengo la ghorofa 100 haitakiwi kushuka wakati halijafika hata robo. Walipochimba kutafuta sababu wakakuta chini ya ardhi, kwenye mhimili wa zege uliokwenda mpaka kwenye mwamba, kuna mahali zege halipo. Mabomba ya chuma yaliyozuia udongo wakati wa kumwaga yalipovutwa juu yalikuwa yamelibeba zege, pakabaki nafasi, udongo ukaingia. Na kama moja iko hivyo, nyingine je?

Kazi ikasimamishwa. Wakakagua mihimili yote, mmoja baada ya mwingine, yenye kasoro ikarekebishwa. Ilichukua miezi, huku riba ya mikopo ikitembea na mafundi hawapandi. Mwenye mradi, Jerry Wolman, aliyekuwa pia mmiliki wa timu ya Philadelphia Eagles, alifilisika, na kampuni ya bima ya John Hancock ikachukua jengo. Si kwamba msingi peke yake ulimmaliza, alikuwa na madeni mengine, lakini ule usimamizi wa kazi ulimpiga vibaya. Jengo lilikamilika na watu wanaishi humo.

Mwaka 1968, wakati fremu ya Hancock inafika kileleni, watu wapatao 50 wa kompyuta walikutana Garmisch, mji mdogo wa milimani Ujerumani, kwa mwaliko wa NATO. Hali yao ilikuwa mbaya: programu kubwa zinachelewa, zinazidi bajeti, zikimalizika hazifanyi kazi. Mkutano ukapewa kwa makusudi jina la uhandisi wa programu, kama mtu anayemchagulia mtoto jina la mjomba tajiri. Hoja iliyosikika wakati ule, na ambayo mpaka leo nasikia madarasani, ni kwamba wajenzi wana ramani, wana vipimo, wanamaliza. Kwa nini sisi tusifanye kama wao? Wanaotoa hoja hiyo nadhani hawajawahi kusimamia ujenzi. Wajenzi nao wanachelewa, tena sana. Halafu kuna tofauti moja kubwa wanayoisahau. Kwenye jengo, mtu anachora, halafu mamia ya watu wanabeba zege. Kwenye programu ile mistari unayoiandika ndiyo ramani, na fundi ni kompyuta, anayejenga kwa sekunde chache bila malipo, tena akibomoa na kujenga upya mara 100 kwa siku. Kazi yote ni ya kuchora. Kwa hiyo kufananisha mwandishi wa programu na fundi mwashi ni kumkosea heshima kila mmoja wao. Wa kumfananisha naye ni Khan akiwa mezani na penseli.

Na hapo ndipo mfanano unapokuwa wa kweli, kwa sababu programu nayo ina upepo wake. Hesabu ya pili: programu yenye vipande 10 ambavyo kila kimoja kinaweza kugusana na kingine ina miunganiko 45. Ikiwa na vipande 100, miunganiko ni 4,950. Vipande vimeongezeka mara kumi, mahali pa kukosea pameongezeka mara mia na zaidi. Hakuna anayeuona upepo huu. Nondo hazijipindi, ukuta haupasuki, hakuna hata mpita njia wa kukuambia jengo lako limeinama.

Sasa ya kwangu. Nikiwa mwaka wa tatu chuo kikuu, nyumbani, chama kimoja cha kuweka na kukopa kiliniomba niwaandikie programu. Wanachama walikuwa 60, kompyuta moja, mtunza fedha mmoja. Niliimaliza kwa wiki tatu, wakanilipa, nikanunua simu. Ilifanya kazi vizuri kabisa kwa miaka miwili, nikawa naitaja kwenye kila barua ya maombi, pamoja na ile iliyonileta huku. Kisha chama kikafungua dirisha la pili.

Mama mmoja mwenye akiba ya shilingi 200,000 alikwenda kuweka 50,000. Dakika ile ile, dirisha la pili, karani alikuwa anakata rejesho lake la mkopo, 30,000. Makarani wote wawili walifungua kadi yake na wote wakaona 200,000. Wa kwanza akajumlisha, akahifadhi 250,000. Wa pili akatoa kwenye ile 200,000 aliyoiona yeye, akahifadhi 170,000 juu ya ile ya mwenzake. Jibu sahihi ni 220,000. Elfu hamsini za yule mama zilipotea bila mtu kuiba, bila kompyuta kulalamika, na kama asingekuwa ametunza stakabadhi pengine angeitwa mwongo. Kosa hilo lilikuwemo tangu siku ya kwanza. Kwa karani mmoja lisingetokea hata kwa miaka 50.

Nilirekebisha vipi? Nikanenepesha. Nikaweka kufuli, karani mmoja akifungua kadi wengine wote wasubiri. Foleni ikawa ndefu, nikaongeza ujanja wa kupunguza foleni. Wakafungua tawi, nikaongeza njia ya kuunganisha tawi. Leo wanachama ni kama 3,000, hesabu za kufunga siku zinaanza saa kumi na moja jioni na asubuhi wakati mwingine bado zinaendelea, na kila ninapogusa kitu kimoja kinaharibika kingine. Naendelea kulipia ada ya urefu, kila Jumamosi usiku, kwa tofauti ya saa nane au tisa.

Tumrudie Khan. Mwaka 1971 vita vya Bangladesh vilipoanza, alikuwa na miaka 41, mkubwa kwenye kampuni yake, raia wa Marekani tangu mwaka 1967. Angeweza kunyamaza. Badala yake alianzisha Chicago mfuko wa kusaidia walioathirika, akakusanya michango, akashiriki kwenda kuwashawishi wabunge Washington. Mikutano mingine ilifanyika nyumbani kwake. Nyumbani humo pia alikuwa akiimba nyimbo za Tagore kwa Kibengali. Mkewe Liselotte alikuwa na asili ya Ulaya, na binti yao Yasmin alikuja kuwa mhandisi naye, akaandika kitabu juu ya kazi za baba yake kilichotoka mwaka 2004.

Wakati huo huo alikuwa anajenga Sears Tower. Hii ndiyo watu wanaijua zaidi: mita 442, ghorofa 110, refu kuliko yote duniani kuanzia miaka ya 1970 mpaka Petronas za Kuala Lumpur zilipoipita mwaka 1998. Tangu mwaka 2009 inaitwa Willis. Bomba moja kwa kimo hicho lisingetosha, na kulinenepesha ni kurudi kule kule. Alichofanya ni kuchukua mabomba tisa ya mraba, kila moja mita 23 kwa 23, akayafunga pamoja kama tita la kuni. Kila bomba linasimama kwa miguu yake na linawaegemea wenzake kwenye ukuta wanaoshiriki. Mabomba mawili yanaishia ghorofa ya 50, mawili ya 66, matatu ya 90, na mawili yaliyobaki ndiyo yanakwenda mpaka juu. Ukilitazama kutoka barabara kuu unaona zile ngazi. Msanifu anaweza kukata bomba mahali anapotaka, na mengine hayatetereki. Chuma, kilo 161 kwa mita ya mraba. Fremu ilichomelewa karakana, vipande vya kimo cha ghorofa mbili, ikaletwa kwenye kiwanja kufungwa kwa bolti, maana kuchomelea hewani kwenye upepo ule ni kutafuta kasoro.

Ukimwonyesha mwandishi wa programu mzuri mchoro wa Sears hahitaji maelezo. Vipande vichache vyenye mipaka, kila kimoja kinajitegemea, vinagusana mahali palipopangwa tu, vimepimwa karakana kabla ya kuja kiwanjani. Programu yangu ya SACCOS haina mabomba. Kanuni ya riba imeandikwa ndani ya ukurasa wa karani, na ukurasa wa karani umeandikwa ndani ya hesabu za akiba. Ni tenga moja.

Kwa haki nieleze kwamba Khan hakuwa mtu wa kulazimisha dawa moja kila mahali. Kazi yake kubwa ya mwisho haikuwa ndefu hata kidogo. Ni jengo la mahujaji kwenye uwanja wa ndege wa Jeddah, lililofunguliwa mwaka 1981, na bila shaka baadhi ya wazee wetu wamepumzika chini yake. Watu maelfu kwa maelfu wanaingia kwa wiki chache za mwaka, jua la Saudia, wengine wanasubiri saa nyingi. Kuweka kiyoyozi mahali pote ni wazimu. Akatumia mahema: 210, ya kitambaa cha nyuzi za kioo kilichopakwa tefloni, kila moja mita 45 kwa 45, yamening'inizwa kwa kebo kwenye nguzo ndefu. Joto linapanda linatokea tundu la juu, hewa inapita chini. Mtu aliyepata jina kwa mnara mrefu kuliko yote duniani alipofika jangwani akatazama jinsi wenyeji wanavyojikinga, akajenga hema. Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo ilitolewa kwa kazi hiyo mwaka 1983.

Yeye hakuiona tuzo. Alifia Jeddah, safarini kikazi, tarehe 27 Machi 1982, moyo, wiki moja kabla ya kutimiza miaka 53. Kompyuta ndogo ya mezani ya IBM ilikuwa imetoka miezi saba tu kabla. Alizikwa Chicago, makaburi ya Graceland. Pembeni ya Sears, kona ya Jackson na Franklin, kuna kibao chenye jina lake tangu mwaka 1998, nami nilikipita mara tatu kabla ya kukiona. Kampuni yake ya zamani ndiyo iliyobuni Burj Khalifa ya Dubai, mita 828, ya mwaka 2010. Wenzetu mlioko Ghuba mkipita hapo, angalieni: si tita la mabomba. Ni kiini kimoja kinachoshikiliwa na mbawa tatu zinazosaidiana. Kimo kingine, mifupa mingine.

Mwezi uliopita mwenyekiti wa SACCOS alinipigia. Wanataka wanachama waweze kulipa na kukopa kwa simu, kila mtu mahali alipo, saa yoyote. Nikapiga hesabu: makarani wawili walimpotezea mama mmoja elfu hamsini, sasa watakuwa makarani 3,000. Nikamwandikia barua ya kurasa nne. Nimemweleza kwamba lazima tusimamishe nyongeza zote kwa miezi kama sita, tuandike upya kutoka chini, hesabu za akiba peke yake, mikopo peke yake, simu mlangoni, na kwamba mimi sitadai malipo ya sehemu ya kwanza kwa kuwa msingi ule niliuchimba mimi. Niliambatanisha mchoro wa Sears na nikamsimulia habari ya ile nguzo ya mwaka 1966.

Jibu limekuja juzi. Anashukuru sana kwa barua, jengo ni zuri, na bodi imekaa. Wanaomba kwanza niwawekee hiyo ya simu kabla ya mkutano mkuu wa Desemba, halafu habari ya msingi tutaizungumza mwakani. Bado sijamjibu.